Juzuu la 10 halikuja: Kimi ni Todoke kwa msomaji wa mitumba

Bibi aliposikia nasoma manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, aliuliza, "Manga ya wapi, Maskati?" Kwake neno hilo ni Uarabuni tu. Nikampa kitabu akishike. Akakigeuza, akaona kinafunguliwa kuanzia kulia kama juzuu amma, akaniambia hicho ndicho kilichofungwa sawasawa. Toleo hili la Kiingereza la Viz, mchapishaji wa Marekani, lina ukurasa mzima wa kumwonya msomaji aliyeanzia upande usio wake. Sisi tuliokwenda chuoni tangu wadogo hatukuhitaji onyo.

Nilinunua seti ya majuzuu 12 ya Kimi ni Todoke, kazi ya Karuho Shiina, mitumba, kwa muuzaji wa mtandaoni. Mfululizo mzima ni majuzuu 30, kwa hiyo mitumba haina mjadala. Mengine yalikuwa na muhuri wa maktaba mgongoni. Karatasi ni nyepesi, imeanza manjano pembeni, lakini wino umekaa vizuri.

Kisa kiko Hokkaido, kaskazini mwa Japani, sekondari. Sawako Kuronuma ana nywele ndefu nyeusi na uso uliopauka, basi wenzake wanamwita Sadako, jina la mzuka wa sinema, na wanasema ukimtazama machoni sekunde tatu unapatwa na balaa. Kinachouma ni kwamba herufi ya jina lake ina maana ya kuburudisha, kama upepo mwanana. Anayeonekana hivyo machoni pa watu ni Kazehaya, kijana anayependwa na darasa zima, na ndiye anayemsalimia Sawako kwa jina lake halisi. Mambo yanaanzia kwenye salamu hiyo.

Usitarajie mabusu. Kuna ukurasa ambao hakuna neno hata moja: jicho la Sawako limejaa nusu ya karatasi, na chini yake kichwa chake kimechorwa kidogo, cha duara kama andazi, kinatokwa jasho. Nilicheka, kisha nikarudi kulitazama lile jicho. Shiina ana uwezo huo wa kukuchekesha na kukuumiza ndani ya ukurasa mmoja.

Sasa malalamiko. Nilipofungua kifurushi nilikuta juzuu la 9 mara mbili, na la 10 halimo. Wanaoijua hadithi wanajua la 10 ni lipi! Muuzaji akasema "wiki ijayo" kwa wiki tano. La 11 nilikuwa nalo mezani, nikalifungia kabatini nisije nikachungulia.

Katika kungoja huko ndipo nilipoielewa hadithi. Ilitoka sura kwa sura katika Bessatsu Margaret, jarida la kila mwezi la kampuni ya Shueisha, kuanzia 2005 hadi 2017. Sura zikishafika nne au tano hivi ndipo zinapofungwa kuwa juzuu. Kwa hiyo msichana wa Kijapani aliyeisoma jaridani, akamwacha Sawako kaduwaa kwenye korido sura inapoisha, alikaa mwezi mzima naye akiwa kaduwaa vilevile. Mimi nilikuwa nimekwisha kuyapiga majuzuu tisa kwa siku nne, nikilalamika kwamba hawa watoto wanazungukazunguka, kutwa kuelewana vibaya. Baada ya wiki tatu bila la 10 sikulalamika tena. Nilikuwa narudia la 8 taratibu, kijisanduku kwa kijisanduku, nikigundua mikono ya Kazehaya inasema mambo ambayo mdomo wake hausemi.

La 10 lilikuja limefungwa kwa gazeti, kona imekunjika. Sitasimulia kilichomo. Muuzaji nampa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni kwa sababu hatimaye alileta. Vitabu nyota nne: la 11 na la 12 yamepungua kasi, na mimi binafsi ningependa kurasa zaidi za Chizuru, rafiki wa Sawako, na Ryu, rafiki wa Kazehaya, ambao ugomvi wao wa kimyakimya unanivutia kuliko haya mapenzi yenyewe. Mtoto wa miaka 12 anaweza kusoma mbele ya mama yake bila mtu kuona haya.

Natafuta la 13 na kuendelea. Bibi, ambaye namsimulia kila jioni, ameshauliza mara mbili kama yule kijana ameleta posa au bado anasalimia tu.