Amplifaya ya volti 100 na fundi aliyeifunga: miezi saba msikitini kwetu Wete

Upande wa wanawake katika msikiti wetu, nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba, uko nyuma ya ukuta wa mawe mnene. Imamu awe na pumzi vipi, bila ya spika hatusikii kitu. Ramadhani iliyopita tulihudhuria darsa usiku baada ya usiku, na kilichotufikia ni mvumo, nusu ya maneno, mlio mkali, kisha kimya. Bibi mmoja anayekaa siku zote karibu na dirisha, naye amehifadhi Qur'ani kunishinda mbali, aliniinamia akaniuliza, "Maalim, hapo amesoma kwa sini au kwa thaa?" Sikuwa na jibu. Anayejua Qur'ani anajua kuwa hilo si swali dogo: ukibadilisha herufi umebadilisha neno.

Mimi nasomesha fizikia skuli ya sekondari, kwa hivyo jambo hili liliniuma mara mbili. Sasa vyombo vipya vimetimiza miezi saba, na kamati za misikiti miwili ya jirani zimeshaniuliza tulinunua nini na nani alifunga. Nawaandikia wao, na yeyote anayetaka kuchangisha fedha za watu kwa ajili ya sauti.

Kwanza kilichokuwepo. Mashine ya zamani ilinunuliwa kwa michango ya msimu wa karafuu, na boksi lake lilijinadi kwa wati 600. Fundi aliyeifunga alitumia ule waya mwembamba wa mwekundu na mweusi ulioshikana. Alizipa waya honi mbili juu ya paa, kisha akauvuta mwengine mita 60 hadi ukingo wa uwanja wa madrasa, ambako kulikuwa na honi mbili nyengine. Za paa zilipiga, za uwanjani zikawa zinanong'ona. Alipoitwa, akatazama juu, akatazama mashine, akasema ni ndogo, itafutwe ya wati 1,000. Ami yangu ndiye mshika fedha wa kamati, na alikuwa keshafungua daftari la michango.

Nikamwomba anipe siku moja tu. Nikaazima mita ya maabara ya skuli, nikawapeleka wanafunzi wangu wawili uwanjani wakafungue waya kwenye honi za mbali na kuzigusanisha ncha zake mbili. Mimi nikapima kutoka kwenye mashine. Mita ikasimama kwenye omu 4.3, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita. Hesabu ya kitabuni haiko mbali: mita 60 kwenda na 60 kurudi ni 120, na waya wa shaba wa milimita ya mraba 0.5 kwa urefu huo una omu 4.2. Honi mbili za omu 8 zikifungwa sambamba ni omu 4. Yaani waya una ukinzani zaidi kuliko honi zenyewe, na zaidi ya nusu ya nguvu tuliyokuwa tunaipeleka uwanjani ilikuwa inaishia kupasha waya moto.

"Na tukinunua hiyo ya 1,000?" ami akauliza.

"Zaidi ya nusu ya hiyo nayo itabaki njiani, ami."

Akafunga daftari.

Fundi tuliyempata baadaye ana karakana ndogo Chake Chake. Aliahidi kuja Jumamosi akaja Jumatatu, na hilo nalitaja kwa sababu wazee walimngojea tangu asubuhi na hakupiga simu. Lakini alipofika alifanya jambo ambalo sikumwona fundi yeyote kulifanya kabla yake: hakugusa mashine. Aliufuata waya kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaomba ruhusa kuingia upande wetu kabla ya wanawake hawajafika, akasimama katikati ya jamvi, akapiga kofi moja na kutega sikio. Akarudia kwenye kona, akarudia tena dirishani. Halafu akaniuliza, "Maalim, nyinyi hukaa wapi hasa?" Miaka yote ya kufungwa spika msikitini mle, hilo hatukuwahi kuulizwa.

Alichotushauri ni amplifaya ya wati 120 tu, ya laini ya volti 100. Wazee walishituka. Kutoka 600 kushuka 120? Akawapa mfano wa umeme wetu wenyewe. Tangu 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na hauji kwa volti 230 za kwenye soketi, unakuja kwa kilovolti 33. Volti zikiwa juu, mkondo unaohitajika kubeba nguvu ile ile unakuwa mdogo, na kinachopotea kwenye waya kinafuata mkondo kwa kipeo cha pili. Ukiupunguza mkondo mara kumi, hasara inapungua mara mia. Laini ya volti 100 ni mambo hayo hayo kwa ajili ya sauti: mashine inaipandisha ishara, na kila honi inafungwa transfoma ndogo ya kuishusha tena pale pale ilipo.

Niliifanya hesabu usiku ule kwenye karatasi ya mtihani. Honi mbili za uwanjani, wati 15 kila moja, ni wati 30. Kwa volti 100 hizo ni ampea 0.3. Katika omu 4.2 za waya, kinachopotea hakifiki hata nusu wati. Na ni waya ule ule! Hatukuung'oa. Ulisafishwa maungio, basi.

Honi nne za zamani zilibaki, kila moja ikapata transfoma yake yenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Upande wetu tulifungiwa spika mbili nyembamba ndefu za ukutani, wati 10 kila moja. Jumla ni wati 80 kwenye mashine ya 120. Fundi alisisitiza nafasi hiyo ibaki, mashine isikamuliwe hadi tone la mwisho.

Kazi ya maiki ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Maiki ya imamu hutoa milivolti chache tu, na waya wake wa zamani, wenye jeki nene ya pini moja, ulipita mita 15 ukiwa umefungwa pamoja na waya wa feni. Ule mvumo wa "mmmm" tuliousikia mwaka mzima ulikuwa umeme wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ukiingia humo. Fundi akauondoa, akaleta waya wa nyuzi mbili zilizosokotwa ndani ya wavu wa shaba, na plagi ya pini tatu ambayo mafundi huiita kanoni. Darasani sasa nalieleza hivi: tuseme sauti ya imamu ni milivolti 2. Waya mmoja unabeba 1 kwenda juu, mwengine 1 kwenda chini. Kelele ya feni ya milivolti 5 ikiingia, inaingia kote kwa usawa kwa kuwa nyaya zimesokotana. Mmoja unasoma 6, mwengine 4. Mashine kazi yake ni kutoa mmoja kwa mwengine, na 6 kutoa 4 ni 2. Sauti imebaki, feni imetoweka.

Kisha akafanya jaribio ambalo wanafunzi wangu bado wanalizungumza. Aliuweka waya wa zamani mezani, akaweka juu yake simu ndogo ya vibonye, akaipigia. Kabla simu haijalia, spika ikatoa "di-di-di, di-di-di, drrrr". Wote tulikuwa tunaijua sauti ile. Ilikuwa ikitoka katikati ya khutba na hakuna aliyejua inatoka wapi. Simu ya 2G haitumi mawimbi mfululizo, inatuma kwa vipande vifupi, kama mara 217 kwa sekunde. Sikio halisikii mawimbi ya redio, lakini saketi ya kwanza ya mashine inayashika na kubakisha ule mdundo wa 217. Akaweka waya mpya mahali pale pale, simu ile ile, akapiga. Spika ikanyamaza, simu ikalia yenyewe mezani. Hata hivyo alimwomba imamu simu isikae mfuko wa kifuani, na imamu ameridhia.

Ule mlio mkali wa kutoboa masikio una kisa chake. Sauti inatoka spika, inarudi kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena. Ikirudi na nguvu ile ile iliyotoka nayo, au zaidi, inajizalisha yenyewe hadi mtu azime. Imamu wetu alikuwa akiukimbia mlio kwa kusimama mbali na maiki, na waliokaa kwenye mashine wakawa wanapandisha kitufe ili asikike, ndipo mlio ukazidi. Fundi akamweleza kwa adabu kubwa: "Shehe, ukisogea nusu ya umbali, sauti yako inaingia mara mbili. Kaa shibiri moja tu, sisi tutashusha mashine." Tangu siku ile mlio tumeusikia mara mbili, na zote ni watoto waliochezea vitufe.

Na herufi? Tofauti ya sini na thaa inakaa juu, kwenye maelfu ya hezi, na ni nyepesi mno. Mvumo na mngurumo wa chini huifunika. Fundi alifunga kapasita, kijidude kinachozuia sauti za chini kupita, ya mikrofaradi 1 kwenye waya wa kila honi, na kwa honi za wati 15 hiyo inadhoofisha kila kilicho chini ya hezi 240 hivi. Nilihofia sauti itakuwa kama ya simu. Ni kweli, za nje zina ukavu kidogo, lakini simu za mezani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu na watu walielewana miaka yote. Spika za ndani aliziacha bila kapasita, na humo sauti ya imamu ni ya imamu.

Sasa kasoro, kwa kuwa zipo. Amplifaya yenyewe ina vitufe viwili tu vya kurekebisha sauti, cha chini na cha juu. Hakuna cha katikati, na chumba chetu cha mawe kinahitaji cha katikati. Maiki iliyokuja ndani ya boksi haifai hata kwa madrasa. Kubwa zaidi ni hili: nyuma ya mashine, kituo cha kufungia spika za omu 4 na kituo cha volti 100 viko jirani chini ya kifuniko kimoja, na maandishi yake ni madogo kama chawa. Spika ya kawaida ikifungwa kwenye kituo cha volti 100 itaungua, na mashine inaweza kuifuata. Na volti 100 ni za kumrusha mtu. Tumepaka rangi nyekundu na kifuniko kina skrubu. Msimruhusu mtoto wala mzee mwenye hamu ya kusaidia kupeleka mkono pale mashine ikiwa imewashwa.

Jengine ni mwangwi. Honi za uwanjani ziko mita 40 kutoka dirisha letu. Umeme unafika kwenye honi hizo papo hapo, lakini sauti yake inarudi kwetu ikitembea hewani mita 340 kwa sekunde, na hiyo ni kuchelewa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Neno tulikuwa tunalisikia mara mbili. Fundi alizigeuza zitazame bandarini na akatushauri wakati wa darsa zizimwe kabisa, zibaki kwa adhana. Tunafanya hivyo, ila mwenye zamu akisahau tunarudi kule kule.

Chumvi nayo haikutusahau. Mwezi wa tano ungio moja juu ya paa lilikuwa limeota ukijani na honi moja ikawa inakatakata. Fundi alirudi bila ya malipo, akakata, akachomelea upya kwa risasi, akapaka grisi na kulifunika kwa kiboksi. Safari hii alikuja siku aliyosema.

Gharama: amplifaya 520,000, transfoma nne 72,000, spika mbili za ndani 130,000, nyaya, kapasita na plagi 85,000, ufundi 70,000. Jumla shilingi 877,000. Mashine ya wati 1,000 tuliyokuwa tunataka kuinunua ilikuwa 1,250,000 peke yake. Mashine hii pia ina vituo vya betri ya volti 24, tukafunga betri mbili za gari kwa mfululizo, na umeme ulipokatika usiku wa Maulidi hakuna aliyejua ila sisi tuliokaa karibu na taa.

Kwa fundi natoa alama tisa kwa kumi, moja nimeizuia kwa ile Jumamosi. Kwa amplifaya, saba. Bado tunataka maiki ya pili, nzuri, ya kuwekwa upande wetu, na ami ameiandika kwenye daftari kwa msimu ujao. Ni yule bibi wa dirishani aliyeiomba. Wiki iliyopita imamu alipomaliza kusoma alinishika mkono, akasema, "Hapo kasoma kwa thaa, nami nina swali," na hakukuwa na njia ya swali lake kupita ukuta isipokuwa kumtuma mtoto.