Betri kwenye buti bila fyuzi: uzoefu wangu na gereji moja Dar

Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Gari langu ni Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ ya tabo (turbo). Wenye gari hizi mnaelewa: ukishaweka chujio kubwa la hewa na mabomba ya intakula (kipoza hewa ya tabo), pale betri ilipokuwa inakaa hapabaki nafasi, na joto la tabo linaikausha maji betri yenyewe. Kuihamishia kwenye buti si uhuni wa mtaani. BMW E46 zimetoka kiwandani betri ikiwa nyuma. Mazda MX-5 ya kwanza, ile ya 1989, hivyo hivyo. Prius zimejaa mjini, nyingi ukifungua buti utaikuta. Kwa hiyo sikwenda kumwomba mtu muujiza. Nilikwenda kwenye gereji moja hapa Dar ambayo vijana wa magari ya kukimbia wanaisifu sana. Jina sitalitaja.

Kazi ya chuma, niseme haki, ni nzuri kweli. Kitako cha betri kimechomelewa vizuri, kona zimesagwa, rangi imepakwa, kimefungwa sakafuni kwa bolti zenye sahani za chuma upande wa chini. Ukiitikisa betri haichezi hata kidogo, na betri ikigeuka ndani ya gari linalobiringika si kitu cha kuombea. Hapo sina neno. Kwa kazi hiyo peke yake nilikuwa nawapa nyota nne.

Halafu nikauliza fyuzi iko wapi.

Fundi akajibu, "Fyuzi si ziko mbele kwenye boksi lake? Hatujazigusa." Nikamwambia nauliza ya huu waya mnene unaotoka kwenye chanya, hapa karibu na betri. Akaacha alichokuwa anafanya, akawageukia wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi, akasema kwa sauti: "Kaka, kama umeme unakuogopesha, nunua baiskeli." Benchi zima likacheka. Akaongeza kwamba ameanza kufunga magari mimi sijapata hata leseni.

Mtu mzima, mwenye hela zangu mfukoni, ananijibu hivyo mbele ya watu kwa swali ambalo yeye ndiye alitakiwa anieleze kabla sijauliza.

Maana fikiria. Betri ikiwa mbele, waya wa kwenda stata ni mfupi na uko kwenye injini. Ukiihamishia nyuma, waya huo unakuwa wa mita 5 hivi, unapita chini ya kapeti, pembeni mwa siti, kwenye matundu ya bati, na wote una umeme saa zote hata funguo ukiwa nao nyumbani. Ukichubuka popote ukagusa bodi, betri ya kawaida ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mpigo, hata kufika elfu. Waya unakuwa mwekundu, kapeti linashika moto, na tangi la petroli liko upande huo huo wa nyuma. Ndiyo maana fyuzi kubwa huwekwa karibu kabisa na betri, isizidi nusu mita. Ikiwekwa kule mbele inalinda nini? Waya wote ulio nyuma yake unabaki bila ulinzi. Hata BMW hawakuuacha waya huo hivi hivi: kwenye kichwa cha chanya cha E46 wameweka kibaruti kidogo, gari likigonga vibaya mfumo wa eabegi unakilipua na waya wa stata unaachana na betri. Kwenye mashindano ya NHRA, chama cha mbio za magari za kunyooka kule Marekani, ukihamisha betri lazima uweke swichi kuu ya kukata umeme inayofikika kwa nje. Sisi tunaambiwa tununue baiskeli.

Na siyo kwamba pale gerejini hakuna anayejua. Kuna kijana pale, mwanafunzi wa huyo fundi. Wakati waya unapitishwa kwenye tundu la bati nyuma ya siti, tundu walilolitoboa wenyewe na kingo zake zinakata kama wembe, yule kijana alikuja na raba ya kuvisha tundu. Niliiona mkononi mwake. Akauliza taratibu, "Bosi, hii si tuiweke hapa?" Akaambiwa asicheleweshe watu, avute waya. Akairudisha mfukoni.

Wiki kadhaa baadaye tulikuwa tunatoka Bagamoyo, mke wangu mbele, watoto nyuma. Tukapita tuta, taa za dashibodi zikapepesa. Tuta lingine, zikapepesa tena, redio ikazima ikawaka. Mtoto akasema, "Baba, kunanuka." Harufu ya mpira unaoungua. Niliwatoa watoto kwanza, nikawasogeza mbali kwenye majani, ndipo nikafungua buti. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye kapeti, pale pale kwenye lile tundu. Nikachukua spana namba 10 nikatoa kichwa cha hasi. Hasi kwanza siku zote, maana spana ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya, umetengeneza shoti nyingine kwa mkono wako.

Gari lilivutwa hadi kwa mzee mmoja Temeke, fundi umeme wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Akang'oa siti na kapeti. Waya ulikuwa umeliwa na ukingo wa bati mpaka ndani. Akachukua unyuzi mmoja wa waya ule akaukwangua kwa kisu. Juu rangi ya shaba, chini mweupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba! Mimi nilitozwa bei ya shaba, zaidi ya laki tatu pamoja na ufundi. Aluminiamu ya aina hiyo inazuia umeme zaidi ya shaba, karibu mara moja na nusu kwa unene ule ule, na kwenye mita 5 hilo si jambo dogo. Mzee akaunga waya uliokatika, akaweka mita ya kupimia umeme kati ya chanya ya betri na bolti ya stata, akaniambia nipige stata. Zaidi ya volti 1 ilikuwa inapotea njiani. Kumbe ule uzito wa gari kuwaka asubuhi, ambao yule fundi wa kwanza aliniambia ni betri imechoka, ulikuwa wa waya wake. Na ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, alikuwa ameifunga juu ya rangi, bila hata kukwangua.

Mzee akaweka waya wa shaba wa milimita za mraba 50, raba kwenye kila tundu, fyuzi ya ampea 250 karibu kabisa na betri, ethi kwenye chuma kilichokwanguliwa hadi king'ae. Upotevu ukashuka chini ya nusu volti. Kisha akauliza hewa ya betri inatokea wapi. Hilo hata mimi halikuwa limenijia. Betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Buti la gari la saluni halijatengana na tunapokaa. Akaifunika ndani ya boksi lenye kifuniko na mpira unaotoa hewa chini ya gari. Wenye Prius, betri yenu ndogo ya nyuma ina kimpira cha namna hiyo. Wakibadilisha betri, hakikisheni wamekirudisha.

Sasa turudi kwenye nyota. Bado nilikuwa nataka kuwapa mbili, kwa ajili ya kile kitako, maana mzee mwenyewe alikisifu na hakukigusa. Nikaenda na kipande cha waya ulioungua, nikakiweka mezani. Fundi akakitazama, akasema waya umechezewa na fundi mwingine, yeye haumhusu. Nikamwambia watoto wangu walikuwa kwenye siti ya nyuma. Akasema, "Si wazima lakini?" Mwenye gereji akarudisha hela ya waya, ya ufundi akagoma. Hela nimeipokea. Lakini tangu naingia mpaka natoka, yule bwana hakunipa hata pole. Jirani akijikwaa mlangoni tunampa pole, mtu ameponea chupuchupu na familia yake kwa mkono wako unamwuliza si wazima?

Hapana. Nyota mbili nimezifuta. Chuma kizuri hakizimi moto.

Aliyenipa pole ni yule kijana. Alinifuata hadi getini, akaniuliza hali ya watoto, akasema ile raba bado anayo. Nimechukua namba yake. Binamu yangu ana Altezza, naye anataka betri ihamie nyuma, na kazi hiyo nitampa huyu kijana, chini ya jicho la mzee wa Temeke. Mzee tayari ameshakubali.