Fundi wa Mlandege na skrini yangu yenye ukungu

Kwa wiki 2 nilifanya kazi ya kuhariri picha kwenye skrini ya nje ya pikseli 3840 kwa 2160, huku kompyuta yangu ya mkononi ikiipelekea 1920 kwa 1080 tu, na herufi zikaonekana kama zimepakwa mafuta. Duka nililonunulia skrini liliniambia kuwa ni mbovu. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Mlandege, hapa Unguja, ambaye kazi yake naisifu kwa dhati.

Hakukimbilia kufungua kitu. Alinikaribisha, "Kaa, dada yangu, tuanze na waya," akaingia kwenye mipangilio ya skrini na kuchagua kipimo chake halisi. Herufi zikakaa sawa papo hapo, lakini kishale cha mausi kikawa kinarukaruka, kwa sababu picha ilibadilika mara 30 tu kwa sekunde. Hapo ndipo alipochomoa adapta yangu, kile kiungo kati ya kompyuta na waya wa skrini, na kunieleza kwamba ni ya HDMI 1.4, toleo la zamani la HDMI, yaani mfumo wa kupeleka picha kwenye skrini kwa waya, ambalo kwa pikseli nyingi hivyo halivuki mara 30, ilhali HDMI 2.0, iliyotoka mwaka 2013, hufika 60. Alinijaribishia adapta yake na waya wake kabla ya kuniuzia, jambo ambalo maduka mengi hayafanyi.

Kasoro ni moja: chumba ni kidogo na foleni ni ndefu, hasa baada ya Alasiri. Nendeni asubuhi, na mchukue waya na adapta zenu zote.