Bikira wa Majabali chini ya projekta: tathmini ya onyesho la Leonardo mjini London

Maonyesho mengi ya siku hizi yanayomzungushia mtazamaji picha za mwanga ukutani, darini na sakafuni hayana hata kazi moja halisi ya mchoraji ndani yake. Mtu hulipa kiingilio, huketi gizani akatazama alizeti za Van Gogh zikitiririka ukutani, kisha hurudi nyumbani bila kuona tone moja la rangi iliyopakwa na Van Gogh mwenyewe. Onyesho la Leonardo: Experience a Masterpiece, lililofunguliwa katika jumba la sanaa la National Gallery mjini London tarehe 9 Novemba 2019, mwaka uliotimiza miaka 500 tangu Leonardo da Vinci afariki, lilikuwa na bahati ambayo mengine hayana: mwishoni mwa vyumba vinne vya mwanga na sauti ilikuwapo picha yenyewe, Bikira wa Majabali, inayomwonyesha Maria pamoja na Mtoto Yesu na malaika katika pango la miamba, iliyochorwa kwa rangi za mafuta juu ya ubao wa mti wa popla wenye kimo cha sentimita 189.5 na upana wa sentimita 120. Ndiyo maana nalipima kwa kipimo kimoja tu: je, mitambo ile yote ilinifanya niione picha vizuri zaidi nilipoifikia, au ilinichosha macho kabla sijafika?

Nilikwenda na mpwa wangu Jumapili ya tarehe 8 Desemba, baada ya misa. Siku hiyo nilikuwa nimeichagua kwa makusudi. Tarehe 25 Aprili 1483, chama cha waumini wa Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili mjini Milano kilitia saini mkataba na Leonardo na ndugu wawili, Ambrogio na Evangelista de Predis, ili waipambe altare ya kanisa dogo la chama hicho ndani ya kanisa la San Francesco Grande. Mchonga mbao Giacomo del Maino alikuwa ameshapewa kazi ya kutengeneza fremu kubwa yenye sanamu na nakshi, nao wachoraji walitakiwa kukamilisha sehemu yao kwa sikukuu ya Mkingiwa, yaani tarehe 8 Desemba. Kila aliyewahi kumsubiri fundi anaweza kukisia kilichofuata. Malipo yaligombaniwa, Evangelista akafariki, picha ya kwanza ikaenda kwingine na leo iko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, na hii ya London, iliyochorwa kuchukua nafasi yake, haikukabidhiwa hadi mwaka 1508, robo karne baada ya mkataba. Kwangu mimi historia hiyo ya ubishi na subira ni sehemu ya picha, na nilisikitika kwamba onyesho lilielekeza macho yetu zaidi kwenye akili ya Leonardo kuliko kwenye watu waliomwagiza kazi, ambao walitaka kitu cha kuombea mbele yake.

Chumba cha kwanza kilikusudiwa kutuingiza ndani ya akili hiyo. Yalikuwapo mandhari ya milima na miamba, pamoja na maneno kutoka kwenye madaftari yake, ambayo aliyaandika kutoka kulia kwenda kushoto hata yakahitaji kioo ili yasomeke. Ni chumba cha kuvutia, lakini hakikunifundisha jambo. Leonardo aliijua miamba kwa kuitazama kwa miaka, akichunguza jinsi maji yanavyoila na jinsi mimea inavyoota katika nyufa zake. Ukizungusha picha za milima ukutani kwa dakika chache, unampa mtazamaji hali ya kushangaa tu, wala humwonyeshi namna ya kutazama. Tulipita hapo haraka.

Chumba kilichofuata kilikuwa bora zaidi. Kilipangwa mfano wa karakana ya wahifadhi wa picha, na mwanga wa projekta ukafunua tabaka za Bikira wa Majabali moja baada ya nyingine, kana kwamba mtu anamenya kitunguu bila kukiharibu. Uchunguzi wa National Gallery wa mwaka 2005 ulikuwa umeonyesha kwamba chini ya rangi kuna mchoro wa awali ambao Leonardo aliuacha. Ule uliotangazwa mwaka 2019 ulikwenda mbali zaidi: watafiti waligundua kwamba mchoro huo ulichorwa kwa kitu chenye madini ya zinki ndani yake, na kwa kuifuata zinki hiyo kwa miale ya eksirei, pamoja na picha za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, waliweza kuona mpango wa kwanza ukijitokeza. Katika mpango huo Mtoto Yesu na malaika walikuwa juu zaidi kuliko walivyo sasa, naye malaika alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, akimtazama kutoka juu.

Uchunguzi huohuo uliona alama za viganja vya mikono, zilizobaki pale mtu alipokuwa akipigapiga tabaka ya praima, yaani mpako wa kwanza wa kuandaa ubao kabla ya kuchora, juu ya ubao ili ikae sawasawa. Huenda vilikuwa viganja vya msaidizi, huenda vilikuwa vya Leonardo. Nimewaona mafundi wa kwetu wakitandaza chokaa ukutani kwa kiganja kitupu pale mwiko unaposhindwa kufika, na nilipofikiri kwamba mkono wa namna hiyo umelala chini ya uso wa Mama Maria kwa zaidi ya miaka 500, nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hapa teknolojia ilifanya kazi inayostahili kulipiwa. Hakuna jicho, hata liwe kali kiasi gani, linaloweza kuona vitu hivyo kwa kusimama mbele ya picha.

Chumba cha tatu ndicho nilichokipenda kuliko vyote, ingawa kilikuwa na mambo machache zaidi. Hapo mtazamaji alipewa nafasi ya kuujaribu mwanga mwenyewe, kuubadilisha unaangukia wapi na kuona kivuli kinavyojibu. Mpwa wangu, ambaye hadi hapo alikuwa akiburuta miguu, aliinama akakaribia hata pumzi yake ikaonekana kwenye kioo. "Mjomba, mbona uso umebadilika na haujasogea?" aliniuliza. Katika swali hilo mlikuwa na nusu ya elimu ya Leonardo. Yeye hakuzungushia sura mistari kama anayechora ramani. Alianza na giza, akaiacha sura itoke gizani taratibu, mpaka usijue shavu linaishia wapi na kivuli kinaanzia wapi. Waitalia huiita njia hiyo sfumato, neno linalotokana na moshi. Ninayo vitabuni maelezo marefu kuihusu, lakini sijawahi kuona yakieleweka kwa mtoto wa miaka kumi kwa upesi namna ile. Laiti waandaaji wangekiongezea chumba hiki nafasi waliyoitumia kwa milima ya mwanzo.

Kisha tukaingia katika kanisa la kubuni, na hapo ndipo nina maneno mazito. Kanisa lenyewe la Milano halipo tena: kikanisa cha chama kilibomolewa mwaka 1576, na San Francesco Grande yote ikafuata mwaka 1806. Fremu ya del Maino na sanamu zake zimepotea, na hakuna ajuaye kwa hakika zilipangwaje. Waandaaji waliitundika picha halisi ukutani, wakaizungushia mwanga uliojenga fremu, nguzo na nakshi, kisha mwanga huo ukabadilika kuonyesha namna mbalimbali ambazo altare ingeweza kuonekana. Wazo ni zuri mno, kwa kuwa picha hii haikuchorwa itundikwe peke yake kwenye ukuta wa jumba la makumbusho. Ilikuwa moyo wa kitu kikubwa chenye dhahabu, sanamu, na malaika wapiga muziki pembeni, wawili ambao hata leo ni mali ya National Gallery.

Tatizo ni kwamba mwanga unaotembea huvuta jicho kila mara, nayo picha ya Leonardo huomba jicho litulie. Kila nilipoanza kuufuata mkono wa Maria ulionyoshwa juu ya kichwa cha mwanawe, nguzo ya mwanga ilizaliwa pembeni nami nikageuka kuitazama. Picha iliyochorwa kwa nuru hafifu ya pangoni haishindani na projekta, wala haipaswi kushindanishwa nayo. Ningependekeza kitu chepesi: mwanga uijenge altare mara moja, watu waione, kisha uzimike kwa dakika tano na kuiacha picha na taa yake ndogo.

Hata hivyo tulisubiri. Tulikaa mpaka tukazoea mwendo wa mwanga, tukajifunza kuupuuza, na ndipo nilipomwonyesha mpwa wangu mkono wa malaika ulio mgongoni mwa Mtoto Yesu. Haukumalizwa. Baada ya miaka yote ile ya mabishano, sehemu hiyo imebaki karibu katika hali ya mchoro tu, na kwa kuwa tulikuwa tumetoka kwenye chumba cha tabaka na chumba cha vivuli, alitambua mwenyewe kilichokosekana: kivuli cha kuufanya mkono uwe na unene. Kwa hiyo jibu la swali langu la mwanzo ni kwamba vyumba viwili kati ya vinne vilinipa macho mapya, na kwa ajili ya hivyo viwili sikujutia nauli wala kiingilio.

Onyesho hilo lilifungwa Januari 2020. Picha, ambayo National Gallery iliinunua mwaka 1880, imo katika mkusanyiko wake wa kudumu pale Trafalgar Square, na mkusanyiko huo hutazamwa bure. Anayepita London akiwa na saa moja tu, asimame mbele yake upande wa kulia, aanze na mkono wa malaika, ndipo apande taratibu hadi usoni.