TAHADHARI: Jiko la Dover lililopakwa rangi mpya na "bomba la bure" linalokuja nalo

Kila msimu wa baridi ukikaribia, matangazo ya majiko ya kuni ya zamani, hasa ya aina ya Dover, hujaa Limuru, Kinangop, Molo hadi Nanyuki. Jiko lenyewe halina ubaya. Chuma cha kusubu kikitunzwa humrithisha mjukuu. Ubaya uko kwa wauzaji wanaookota jiko lililopasuka, wakaziba ufa, wakalipulizia rangi nyeusi, kisha wakakuongezea bomba la moshi kama zawadi. Hilo bomba la zawadi ndilo linalochoma nyumba, kwa hiyo tuanze nalo.

Mara nyingi limekunjwa kwa bati la kuezekea, geji 30 au jembamba zaidi, na kufungwa kwa riveti za alumini. Bati hilo lina zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi. Alumini huyeyuka kwenye 660. Lami ya moshi iliyoganda ndani ya bomba ikishika moto, joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Riveti zinaachia, bomba linafunguka, na moto unatokea katikati ya dari na paa, mahali usipoona mpaka umechelewa. Hata kabla ya hapo, zinki iliyochomwa hutoa mafusho ya kuleta homa.

Sumaku haitakusaidia kulitambua, kwa sababu bati nalo huvutwa. Kwaruza rangi kwa msumari: ukiona maua ya rangi ya fedha, ni bati. Libonyeze kwa kidole gumba. Likibonyea, liache hapo hapo. Bomba la ndani ya nyumba liwe la chuma cheusi kisichopungua milimita 0.6, na kila kiungo kishikwe kwa skrubu 3 za chuma. Ncha nyembamba ya kila kipande ielekee chini, upande wa jiko. Mafundi wengi huigeuza wakidhani wanazuia moshi, kumbe moshi huvutwa juu wenyewe. Kinachoshuka ni lami, nayo ikikuta kiungo kilichogeuzwa huchuruzika nje. Kipenyo kisipunguzwe njiani: jiko likitoka na inchi 5, iwe inchi 5 hadi juu.

Bomba la ukuta mmoja likae sentimita 45 kutoka kwa mbao au kitu chochote kinachoungua, na jiko lisilo na ngao ya kuzuia joto likae sentimita 90. Bomba linapopita kwenye dari na kenchi lahitaji kipande maalumu cha kuta mbili chenye kizuia joto ndani. Fundi anayekata tundu kwenye mbao na kujaza silikoni pembeni, mlipe nauli aende. Juu ya paa, bomba lipande angalau sentimita 90, na lizidi kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3, la sivyo upepo utausukuma moshi urudi jikoni.

Sasa jiko. Ligonge taratibu kwa kipande cha mti. Chuma kizima hulia kama kengele, kilichopasuka hulia kama mtungi wenye ufa. Kisha funga milango na vifuniko, zima taa, washa tochi ndani ya chumba cha moto, na utazame mwanga unapotokea. Kagua hasa ukuta kati ya moto na tanuri, maana ndipo chuma huchoka kwanza, na chanja ya kuni kama imepinda. Ufa ukizibwa kwa fila ya magari au simenti ya kawaida, hauvumilii: fila inaungua, simenti inapasuka na kudondoka. Mwambie muuzaji aliwashe mbele yako kwa saa nzima. Akisema "tulishalijaribu", umepata jibu lako.

Kamba nyeupe za zamani kwenye milango zinaweza kuwa na asbesto. Usizikwangue zikiwa kavu wala kuzipiga brashi ya waya.

Kuhusu pesa: usitume nusu ya bei, eti "ya gari" la kulileta, kwa kuona picha tu. Picha ileile huzunguka na majina matatu tofauti ya wauzaji. Nenda ulione, lipa baada ya kulijaribu.

Ukiwa umeshanunua na kulifunga, usiwashe tena kabla ya kubadilisha bomba. Baada ya hapo choma kuni kavu tu, zilizopasuliwa na kuanikwa chini ya paa miezi sita au zaidi. Mkaratusi mbichi hutoa mvuke na lami kuliko joto. Piga bomba brashi masizi yakifika unene wa milimita 3. Usifunge kilango cha hewa cha bomba ukaenda kulala wakati makaa bado mekundu: kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza kwa watu wawili pamoja, tokeni wote nje kwanza na mwende hospitalini. Ukisikia bomba likinguruma, lami imeshika moto ndani: funga matundu yote ya hewa ya jiko, toa watu, ita zimamoto, na usimwage maji ndani ya bomba.