Fotokopi ya mzee wa Langoni: hapa ndo pa kusomewa barua ya ajira na slipu ya mshahara

Kama umepata kazi serikalini, iwe kaunti au serikali kuu, na uko huku Amu, yaani Lamu, Kenya, kabla hujaingia benki yoyote wala hujaweka sahihi fomu ya mkopo pitia kwanza Langoni kwa huyu mzee wa fotokopi. Jina lake silitaji hapa mana hajaniruhusu, lakini ukiuliza mzee wa mishahara utaelekezwa tu. Amestaafu, kazi yake yote ilikuwa ofisi ya mishahara, sasa ana kichumba chake cha kutoa fotokopi na kuchapa, na wanaomjua wanamwendea kwa jambo jingine kabisa, kusomewa makaratasi ya kazi. Mimi nilimlipa mia mbili na wallahi hakuna mia mbili niliyowahi kutoa ikanifaa kama ile.

Anaanza na barua ya ajira. Zile barua mshahara umeandikwa mlolongo, namba halafu alama ya mara halafu namba ndogo halafu namba kubwa tena, mpaka mwisho wa mstari, na wengi tunaopata kazi mara ya kwanza jicho linakimbilia ile ya mwisho kwa sababu ndo kubwa. Mzee akachukua kalamu akapiga duara ile ya kwanza, akasema "mwanangu, hii ndo yako leo, hizi nyingine ni za miaka inayokuja." Zile namba ndogo baada ya alama ya mara ndo nyongeza yenyewe, inkrimenti, kila mwaka unapanda hatua moja mpaka ufike kikomo cha skeli yako, yaani ngazi yako ya mshahara, na ukifika kikomo unasimama hapo hata ukae miaka kumi, labda upandishwe cheo au skeli yenyewe irekebishwe. Halafu akaniandikia kwa kalamu pembeni mwezi wangu wa inkrimenti, ambao ni ule mwezi ulioajiriwa, akanisisitizia kila mwaka ukifika mwezi huo nitazame slipu, na kama mshahara wa msingi haukusogea niende ofisi ya watumishi na barua mkononi, nisingoje mwaka wa pili.

Hapo kwenye grupu, yaani madaraja ya kazi, ndo alinimaliza, mana nimesikia watu wakibishana hadi kwenye boti. Kaunti bado wanatumia herufi, jobu grupu, kutoka A chini mpaka V juu, na herufi I na O hazimo, kwa hiyo ukitoka H unaingia J, usidhani umerushwa daraja. Mwenye diploma mara nyingi anaingia H na mwenye digrii K, wa cheti na wa fomu foo wanaanzia chini ya hapo. Serikali kuu nao wakaja na namba, CSG 1 mpaka 17, na namba zao zimegeuka, 17 ndo ya chini kabisa na 1 ndo ya wakubwa, sasa mtu wa wizarani akikuambia yuko kumi na kitu usimwonee wivu. Walimu wana zao za TSC, tume ya walimu, B5 mpaka D5. Kwa hiyo jirani yako mwalimu, binamu yako wizarani na wewe wa kaunti mkikaa barazani kulinganisha madaraja mtagombana bure, kila mtu alete slipu yake.

Kupandishwa cheo nako si inkrimenti, na huyu mzee anakutenganishia vizuri sana. Kada nyingi zina madaraja ya mwanzo ambayo unapanda ukishatimiza miaka, kawaida mitatu, na kazi yako iwe imepimwa vizuri kwenye ile fomu ya tathmini ya kila mwaka, huhitaji nafasi itangazwe. Lakini ukifika juu kidogo lazima nafasi iwepo, itangazwe, uombe, uitwe intavyuu na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, au tume ya utumishi wa umma kama uko serikali kuu. Kwa hiyo fomu ya tathmini isiwe kitu cha kujazwa harakaharaka siku ya mwisho, weka kopi yako nyumbani. Na kingine, skeli zinapishana, mwisho wa grupu ya chini unaweza kuwa juu ya mwanzo wa grupu inayofuata, ndo mana mtu anapandishwa cheo na pesa inaongezeka kidogo tu, faida anaiona miaka ya mbele kwa sababu kikomo chake kimesogea.

Nilimuuliza pia kuhusu zile nyongeza zinazotangazwa kwenye taarifa ya habari. Hizo zinapitia SRC, tume ya mishahara iliyowekwa na kifungu cha 230 cha katiba ya 2010, wanapitia mishahara kwa mizunguko ya miaka minne. Mwaka 2021 walisimamisha mapitio kwa miaka miwili kwa sababu ya hali ya uchumi. Mzee anasema tangazo la SRC na inkrimenti yako ya mwaka ni vitu viwili mbalimbali, usikubali mtu akuchanganyie.

Sasa slipu yenyewe. Hapa nilikaa sana na sijuti. Inkrimenti inaongeza mshahara wa msingi peke yake, alawansi ya nyumba haisogei nayo, ile inafuata grupu yako na mahali unapofanyia kazi. Ndo mana mwalimu wa Malindi mjini na mwalimu wa Amu wa daraja moja wanatofautiana nyumba, Malindi imehesabiwa na miji mikubwa sisi hatumo, ila wa Amu ana alawansi ya mazingira magumu. Alawansi ya usafiri nayo inakwenda kwa grupu, na hili linauma mana ofisi za kaunti ziko Mokowe na sisi tunaoishi kisiwani tunavuka na boti kwenda na kurudi kila siku ya kazi, mwenzako wa grupu hiyohiyo anayelala Mokowe anapata sawasawa na wewe. Ningependa wanaohusika walitazame hilo.

Halafu makato. SHIF, ile ya bima ya afya, asilimia 2.75 ya jumla ya mshahara, nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, kisha pensheni, kisha PAYE, kodi ya mshahara. Alinipigia hesabu ya mtu wa serikali kuu aliye kwenye PSSS, ile skimu ya pensheni iliyoanza Januari 2021, ambapo mtumishi anakatwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi mwaka wa kwanza, 5 wa pili, na 7.5 kuanzia wa tatu, na serikali inaweka 15. Tuseme yuko mwaka wa nne na ameongezwa inkrimenti ya shilingi 1,000. SHIF inachukua 27.50, nyumba 15, pensheni 75, inabaki 882.50, na kama ameshapita kiwango cha kukatwa kodi asilimia 30, ambacho kinaanzia 32,333 kwa mwezi, inayomfikia mkononi ni kama 618. Yaani ukisikia elfu moja panga mia sita. Nilipoona hesabu ile imeandikwa mbele yangu nilielewa kwa nini watu wanasema wameongezwa na hawaioni.

Na kwenye mikopo mzee ni mkali, na mimi nampenda kwa hilo. Sheria ya ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na yeye anasema watu wanaisoma kama ruhusa ya kukopa mpaka hapo. Mtumishi mpya hata probesheni, ile miezi ya majaribio, hajamaliza ameshafuatwa na watu wa mikopo wamebeba fomu. Anakuuliza kwanza wewe ni wa kudumu mwenye pensheni au ni wa kontrakti, na kama ni kontrakti inaisha lini, mana mkopo wa miaka sita juu ya kontrakti ya miaka mitatu ni balaa la nyumba nzima. Wenye kuogopa riba anawaambia waanze na akiba sacco au madirisha ya benki ya Kiislamu, hashurutishi mtu.

Ya kulalamikia yapo. Kile chumba ni kidogo na hakuna faragha, mshahara wako unasikika mpaka kwa aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho, na sisi wanawake hasa hatupendi kila mtu ajue tunapokea nini. Nilimwambia "mzee wangu, weka hata pazia," akacheka akasema inshallah. Mwisho wa mwezi usiende, foleni inafika nje na printa inakwama. Mambo ya walimu anayajua juujuu, na mwenyewe anakwambia nenda kwa mwakilishi wa chama chenu, hakudanganyi kupata pesa yako. Na ukitaka akuandikie barua ya kumzunguka mkuu wako upandishwe cheo hakubali kabisa.

Nyota nne kati ya tano, ya tano naiweka mpaka lile pazia. Anafungua asubuhi mapema, anafunga adhuhuri kwenda kuswali na kula, anarudi baada ya alasiri. Beba barua ya ajira, slipu tatu za mwisho kama unazo, na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, mana ritani ya kodi pia anajaza na mwisho wake ni tarehe 30 Juni.