Aloi ya magnesiamu AZ91: kuipiga kwa vigololi au kuiviringishia rola?

Aloi ya AZ91, yenye takriban asilimia 9 ya alumini na asilimia 1 ya zinki, ni nyepesi kuliko alumini yenyewe, lakini uso wake ni laini na hulika upesi unaposuguana na chuma. Kuupiga uso huo kwa vigololi vya chuma, kioo au kauri vinavyorushwa kwa kasi hukaza tabaka la juu na kuacha ndani yake mkazo wa mgandamizo, yaani nguvu ya ndani inayolibana tabaka hilo, tena hufika penye kona na mabonde ambako rola haipiti. Hata hivyo, huacha vishimo vinavyoongeza msuguano, mapigo yakizidi huzaa nyufa, na vigololi vya chuma huacha chembe zinazochochea ulikaji wa kikemikali, jambo ambalo kwa magnesiamu ni hatari kubwa.

Rola ngumu inayokandamizwa na kuviringishwa juu ya kipande hukaza uso huku ikiusawazisha, na kwa kawaida mkazo wake huzama zaidi. Kwa mihimili ya mviringo ningechagua rola bila kusita. Joto la msuguano likipanda sana, tabaka lililokazwa hulegea, kwa njia yoyote kati ya hizi mbili.